Alama Kwenye Kona ya Kioo

"Njoo mchana nikiwa peke yangu. Nitafunga mapazia yote. Kwenye giza ndipo utaona uzuri wake."

Mama Kinda aliusoma ujumbe huo akadhani macho yanamdanganya. Akausoma tena, mikono yake imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Simu ilikuwa ya mumewe, imeachwa juu ya friji, na aliyetuma alikuwa amehifadhiwa kwa jina la "Mama Inchi".

Bafuni maji yalikuwa yakimwagika. Mwanaume alikuwa anapiga mluzi, roho yake kwatu.

"Baba Kinda!"

"Naam!"

"Toka."

"Nina sabuni!"

"Toka na sabuni yako."

Mtaa mzima ulimwita Refa. Siku za kazi alikuwa muuzaji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akipima misumari na kuchanganya rangi, lakini heshima yake yote ilitoka viwanjani. Kila mwisho wa wiki, kwa miaka mingi, alichezesha mechi za mitaani. Mwaka uliopita akaitundika filimbi ghafla, akasema goti linamsumbua. Mkewe alipika keki za oda hapo hapo nyumbani, na binti yao wa pekee, waliyezoea kumwita Kinda tangu yuko mchanga, alikuwa shule ya bweni.

Refa akatoka na taulo kiunoni, povu limeganda sikioni.

"Mama Inchi ni nani?"

"Nani?"

"Usinirudishie swali. Mama Inchi. Huyo anayefunga mapazia."

Refa akacheka. Hapo alikosea. Mwanamke aliyeshika mchapo wa chuma wa kupigia mayai huku amesoma ujumbe wa namna ile hachekewi.

"Mke wangu, ni televisheni."

"Mimi nakuuliza habari za mwanamke, wewe unanijibu televisheni?"

"Anauza televisheni! Inchi sitini na tano. Ameitumia, lakini ni zile za hali ya juu, zile ambazo nyeusi yake ni nyeusi kweli, siyo kijivu. Ukitaka kujua kama kioo ni kizima, unakitazama gizani. Ndiyo maana ya mapazia."

"Na 'nikiwa peke yangu'?"

"Wajukuu zake wakiwepo hawaachii rimoti."

Mama Kinda alimtazama. Alimjua mume huyu. Hakuwa na kipaji cha kutunga uongo mrefu.

"Televisheni si tunayo?"

"Ile ni dirisha la choo, siyo televisheni."

"Na tulikubaliana kitu cha kwanza kununuliwa ni oveni. Hii niliyonayo inaunguza upande mmoja, kila keki lazima niigeuze katikati ya moto kama chapati."

Refa akajifuta povu sikioni. Sauti yake ikashuka.

"Naitaka, Mama Kinda. Nimewahi kukuomba kitu?"

Hajawahi. Ndicho kilichomtia wasiwasi zaidi. Mwanaume ambaye tangu waoane hajawahi kusema "nataka", leo anataka, na anataka kwa sauti kama ya mgonjwa.

"Mwenzako wa dukani aliniambia Alhamisi huwa unaondoka mchana. Huwa unakwenda wapi?"

"Kuangalia televisheni. Watu wanauza, mimi naangalia."

Maneno hayo aliliambia kopo la sukari, hakumwambia mkewe.

"Basi hii tunakwenda kuiangalia wote," Mama Kinda akasema. "Vaa."

Njia nzima Mama Kinda alitembea hatua moja nyuma, akimchunguza. Kwenye kona ya duka la dawa Refa alimgonga mwanamke aliyekuwa amebeba kapu.

"We kaka, huoni?"

"Samahani, dada yangu. Samahani sana."

Mbele kidogo akajikwaa kwenye ukingo wa barabara. Mama Kinda hakushangaa. Miezi hii mumewe amekuwa hivyo: anamimina chai nje ya kikombe, anajipiga bega kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Dada yake mkubwa alikuwa ameshatoa hukumu zamani: "Mwanaume akianza kujigonga kwenye milango ya kwake, mawazo yake yako kwenye nyumba nyingine." Mama Kinda alilicheka neno lile siku lilipotamkwa. Usiku hakulicheka.

Wakapanda ngazi za ghorofa. Mlango ukafunguliwa na bibi mnene mwenye miwani, amevaa gauni la maua, anatembea kwa kushika kuta. Mama Kinda alijisikia vibaya kwa furaha aliyoipata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni ndani. Huyu ndiye mke? Mumeo ana maswali huyu! Nimekuwa mkunga maisha yangu yote, sijapata kuulizwa hivi hata na mwenye mimba ya kwanza."

Wakacheka wote. Mkunga akaeleza kwamba televisheni alinunuliwa na wanawe alipostaafu, na sasa anahamia kwa mmoja wao, ambaye ukuta wa sebule yake umeshajaa. "Mimi mwenyewe ni mtu wa taarifa ya habari tu," alisema. "Inawaka asubuhi, inazimwa ninapolala. Inaniondolea upweke."

Mapazia yakafungwa. Kioo kikawaka, na hata Mama Kinda, aliyekuja kutafuta kasoro, akashindwa kujizuia kusema "Eh!" Mkunga alikuwa ameweka mechi. Majani ya uwanja yalikuwa kijani kama yamenyeshewa sasa hivi, na mpira mweupe ulipita juu yake, unaonekana kama yai kwenye kaniki.

Refa alisogea mbele. Mdomo ukabaki wazi.

"Nauona mpira," alisema. Kisha akamgeukia mkewe, uso umechanua kama wa bwana harusi. "Mama Kinda, nauona mpira!"

Mama Kinda akajiuliza, nani asiyeuona mpira?

"Mama, tuwekee ile rangi ya kijivu tupu," Refa akaomba. "Nilikutumia. Ndiyo inayoonyesha kama kioo kimeungua."

Mkunga akabonyeza. Kioo chote kikawa kijivu. Na pale kwenye kona ya juu, upande wa kulia, Mama Kinda akaona nembo. Ilikuwa nembo ya kituo cha habari, imejichora kwenye kioo kama alama ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Chini kulikuwa na mstari mrefu uliofifia, mahali ambapo habari hupita zikikimbia.

Refa alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Safi," alisema. "Haina hata doa."

"Hata doa?"

"Hata la dawa."

Mkunga alikuwa ameinama, anakunja na kukunjua pindo la gauni lake. Damu ikamchemka Mama Kinda. Kumbe hawa wawili wameshapatana! Wameshakubaliana, na yeye ameletwa kuwa mpambe tu.

"Angalia kona ya juu, Baba Kinda."

"Nimeangalia."

"Ya kulia."

Hapo ndipo alipomwona anavyofanya. Refa hakugeuza macho. Aligeuza kichwa kizima, taratibu, akakipeleka huku na huku, kama mtu anayetafuta sindano kwa tochi.

"Hakuna kitu, mke wangu. Ni safi."

Hasira ikamtoka Mama Kinda, mahali pake pakaingia baridi. Akauinua mkono wake kando ya sikio la mumewe, akapanua vidole, akavitikisa. Refa aliendelea kukitabasamia kioo. Akausogeza mkono mbele kidogo. Kimya. Akausogeza tena, mpaka ulipokaribia pembe ya jicho, ndipo Refa akashtuka.

"Unafanya nini?"

"Nzi," Mama Kinda akasema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine.

Mkunga alikuwa ameona. Akazima kioo, akafungua pazia moja.

"Wanangu, nisameheni," alisema. "Alama ipo. Nilikuwa nasubiri muulize niseme kweli, halafu kijana aliposema ni safi, shetani akaniambia ninyamaze."

"Alama gani?" Refa akauliza.

Mkunga akamtazama Mama Kinda.

"Tutakupigia, mama," Mama Kinda akasema, akamshika mumewe mkono.

Kwenye ngazi Refa alishuka ameshika chuma cha pembeni kwa mikono yote miwili. Walipofika kwenye kizingo cha ngazi, palipokuwa na dirisha na ndoo ya kudekia, Mama Kinda akakaa chini sakafuni na nguo zake nzuri.

"Kaa."

"Hapa? Watu watapita."

"Wapite. Kaa."

Refa akakaa.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Refa."

Hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Lilikuwa jina la watu wa nje. Mwanaume akaivuta pumzi ndefu, akaitoa yote.

"Ile mechi yangu ya mwisho," alisema. "Goti halina kitu. Beki alimpiga mwenzake kiwiko usoni, hapa, ubavuni mwangu kabisa. Uwanja mzima uliona. Mimi nilisikia. Yule kijana anatema meno, na mimi nimesimama na filimbi mdomoni, nangoja mtu aniambie kimetokea nini."

"Ukaenda hospitali."

"Nikaenda. Ni presha ya macho. Mshipa wa jicho unakufa kimya kimya, hauumi, hauwashi. Unaanza pembeni unakuja katikati. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki wanasema kinaweza kulindwa."

"Kwa hiyo Alhamisi..."

"Kliniki."

"Na dawa?"

"Ya matone. Iko kwenye mkoba wa jezi."

"Unaweka kila siku?"

Refa akasugua goti.

"Nakuuliza."

"Ukiwa ndani siweki."

"Mimi niko ndani kila siku! Napika keki humo humo!"

Mlango mmoja wa juu ukafunguka, mtu akachungulia, ukafungwa. Mama Kinda akaishusha sauti, na ikawa mbaya zaidi ilivyoshuka.

"Kwa nini, Baba Kinda? Mimi ni wa kufichwa?"

"Unajua baba yangu alikufa kipofu."

"Najua. Uliniambia ni uzee."

"Ilikuwa hii hii. Alipopofuka, mama alimwongoza mkono kwa mkono mwaka mzima. Alimvumilia, sisemi hakumvumilia. Kisha asubuhi moja baba akaita. Akaita, akaita, nyumba haikuitika. Mimi ndiye niliyefungua kabati nikamwambia nguo za mama hazimo."

Mama Kinda akaisukuma ile ndoo kando kwa mguu.

"Mimi ni mama yako?"

"Hapana."

"Nimewahi hata kukutishia kwamba nitaondoka?"

"Hapana."

"Umenipa kadi nyekundu kwa faulo ambayo sijacheza. Wewe ni refa gani?"

Akainuka, akakung'uta nguo. Refa alibaki amekaa, mikono magotini. Mama Kinda alishuka ngazi kadhaa peke yake, akasimama. Hakugeuka, ila alisimama, mpaka aliposikia miguu ya mumewe ikishuka.

Siku zilizofuata nyumba ilijaa kimya. Chakula kiliandaliwa, maji ya kuoga yalichemshwa, "asante" na "pole na kazi" zikasemwa, na hakuna zaidi. Dada yake akapiga simu.

"Si nilikwambia kuna kitu?"

"Ulisema ni mwanamke."

"Heri angekuwa mwanamke. Mwanamke anafukuzwa." Dada akakohoa kidogo. "Mdogo wangu, nakupenda ndiyo maana nasema. Wewe bado una nguvu zako. Unajua kumlea mtu mzima ni nini? Jifikirie."

"Najifikiria, dada. Tangu siku ile sifanyi kitu kingine. Kila nikijifikiria namkuta na yeye yumo."

"Hayo ni maneno ya mapenzi."

"Ni maneno ya mtu aliyechoka. Niache kwanza."

Lakini dada alikuwa amechokonoa. Mchana ule Mama Kinda alikuwa anapamba keki ya harusi, anachora maua ya krimu ukingoni mwake, na akajiona mwenyewe miaka ijayo, anamvusha barabara mwanaume aliyekuwa akikimbia uwanja mzima bila kuhema. Aliogopa. Hakuona sababu ya kujidanganya. Aliogopa kazi yake, aliogopa huruma za majirani, aliogopa kuwa macho ya watu wawili. Ila lililomchoma kuliko yote halikuwa hilo. Lililomchoma ni kwamba mumewe alikuwa ameanza kuishi na hofu hiyo peke yake, mezani pamoja naye, wakila sahani moja.

Akaziangalia zile karatasi za kuokea alizozikunja kama koni kwa ajili ya krimu. Akachukua mbili ambazo hazijatiwa kitu, akazikata ncha, akaziweka machoni, akazishikilia kwa mkono mmoja.

Dunia ikawa matundu mawili. Akainuka kwenda kuchemsha chai. Meza ambayo ameizunguka kwa miaka ikampiga nyonga. Akapapasa rafu ya sukari, kopo la chumvi likaanguka. Akageuka, bega likakutana na ubao wa mlango, mahali pale pale ambapo mumewe hujigonga. Akasimama hapo, koni machoni, anahema.

"Unatafuta nini?"

Refa alikuwa amerudi kazini. Mama Kinda hakuziondoa koni.

"Sukari."

"Iko kushoto kwako. Usigeuze macho, geuza kichwa. Kichwa kizima. Taratibu. Shuka kidogo. Hapo."

Kopo la sukari likaingia kwenye tundu, lote, jekundu, limekaa mahali pake.

"Ndivyo unavyoishi hivi?"

"Ndivyo."

"Siku nzima?"

"Mtu anazoea. Kinachochosha ni kujifanya."

Koni zikaanza kulowana. Mama Kinda akajaribu kuzitoa, karatasi zikamganda usoni, na mumewe akazibandua moja moja kwa ncha za vidole. Walikuwa hawajagusana tangu kwenye ngazi.

"Nisamehe," Refa akasema.

"Sijamaliza kukasirika."

"Sawa."

"Nikimaliza nitakwambia. Lete huo mkoba wa jezi."

Akauleta. Mama Kinda akamkalisha kwenye kiti, akamwinua kidevu. Mikono ile iliyozoea kuchora waridi juu ya keki ilikosa shabaha, na tone la kwanza likaangukia shavuni.

"Hilo limekwenda bure," Refa akasema.

"Nyamaza. Tazama juu."

La pili likaingia.

Alhamisi walikwenda kliniki wote wawili. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kusema, mwenye foleni ndefu nje. Alifurahi kumwona mke.

"Nilimwambia akulete tangu siku ya kwanza," alisema. "Akaniambia umesafiri. Umesafiri kila Alhamisi, mama."

Mama Kinda akamkata mumewe jicho, kisha akauliza lililomleta.

"Daktari, televisheni kubwa itamharibu macho?"

"Televisheni haimharibu. Kuruka dawa ndiko kunakomharibu. Picha yenye mwanga na weusi uliotengana vizuri itamfaa, kwa sababu vitu vilivyofifia ndivyo anavyovikosa."

"Na ataona mpaka lini?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Akishika dawa na kuja kupimwa, wengi wanazeeka wakiwa na kuona kwao. Akicheza nayo, siwezi kumsemea. Mna watoto?"

"Binti mmoja. Yuko bweni."

"Likizo mleteni apimwe. Huu ugonjwa hutembea kwenye familia."

Mama Kinda alihisi mkono wa mumewe ukikaza chini ya meza. Alijua hofu hiyo ya mwisho nayo alikuwa ameibeba peke yake. Akaukaza na yeye.

Njiani kurudi walikaa kwenye kituo cha basi kusubiri, na Refa ndiye aliyeanza.

"Tununue oveni."

"Nani amekuuliza habari za oveni?"

"Televisheni ilikuwa utoto. Nilitaka nijaze macho kabla hayajafungwa, kama mtu anayebugia chakula karamu inapoisha. Umesikia daktari. Si lazima yafungwe."

"Pale kwa mama mkunga ulisema unauona mpira. Uso ule ulikuwa umepotea, Baba Kinda. Nilikuwa nimeshasahau kama unao."

"Kwenye ile yetu siuoni. Wachezaji nawaona, wanakimbia kama vichaa wasiokimbilia kitu."

Mama Kinda akacheka bila kupenda. Basi likaja, halikuwa lao, likaondoka.

"Lakini ina alama," Refa akasema.

"Ina."

"Iko wapi hasa?"

"Kona ya juu, kulia. Nembo ya kile kituo chake cha habari. Na mstari chini."

"Inaonekana sana?"

"Picha ikiwa nyeusi haionekani. Picha ikiwa nyeupe inaonekana."

"Wewe utaiona."

"Nitaiona."

"Kila siku."

"Kila tukiwasha."

"Itakuudhi."

Mama Kinda akafikiri. Angeweza kusema hapana, na lingekuwa neno tamu. Lakini walikuwa wametoka tu kwenye uongo wa mwaka mzima, hata ule mdogo aliuona mkubwa.

"Itaniudhi," alisema. "Mimi ni mtu wa keki, kitu kikiwa na doa sipati usingizi."

"Sasa?"

"Sasa kuna vitu kwenye nyumba yetu nitakuwa naviona mimi peke yangu. Ndivyo tutakavyoishi. Naona tuanze na hicho, ni kidogo, hakina madhara. Oveni nitaendelea kuigeuzia keki."

Refa aligeuza kichwa, kichwa kizima, taratibu, mpaka mkewe akawa katikati, akamtazama hapo hapo kituoni kwa muda mrefu mpaka mzee aliyekaa nao kwenye benchi akajifanya anasoma tangazo ukutani.

Mama Kinda akapiga simu jioni ile.

"Mama, shikamoo. Ni mke wa yule wa maswali mengi."

"Marahaba, mwanangu! Nilijua hamtarudi. Wamekuja wengine wawili, wote wameiona alama wakaaga."

"Mimi naijua alama na nakuja kuichukua."

Mkunga akaishusha sauti.

"Mwanangu, na yule kijana? Macho yake?"

"Tumeshakwenda kliniki, mama. Pamoja."

"Alhamdulillahi. Basi nitakupunguzia."

"Punguza, mama, mimi siyo malaika."

Mkunga alicheka mpaka akakohoa.

Televisheni ilipofika, ilikula ukuta wote wa sebule. Ile ya zamani iliwekwa jikoni, karibu na oveni, na huko ikaonekana saizi yake. Chupa ya dawa ya macho ikahamia mlangoni mwa friji, mahali pa wazi, na kila asubuhi na jioni mmoja alitazama juu na mwingine akadondosha.

Mechi ya kwanza ilikuwa ya mwisho wa wiki, jua bado kali nje. Mama Kinda alifunga mapazia, akakaa kwenye kochi na bakuli la kukorogea mapajani. Maisha yake yote alikuwa akiuona mpira kama kelele tu zenye miguu.

"Nifundishe kuotea," alisema.

"Wewe?"

"Kuna mwingine humu?"

Refa akaenda jikoni, akarudi na vibomba vidogo vya chuma vya mkewe vya kupambia krimu, akavipanga juu ya meza ya kahawa. "Huyu ni mshambuliaji. Huyu beki wa mwisho. Huyu kipa. Mpira unapopigwa kuja mbele, huyu asiwe amempita huyu. Siyo mpira unapofika. Unapopigwa."

"Kwa hiyo natazama mpira au namtazama huyu?"

"Ndilo tatizo la kazi yenyewe. Mpira uko katikati, na yeye yuko pembeni, na vyote vinatokea mara moja." Akasita, kibomba kimoja kikiwa bado kidoleni. "Mpira niachie mimi. Wewe nitazamie pembeni."

Wakatazama. Alama ilikuwepo, kona ya juu kulia, ikitokea mawingu yakiwa meupe na kupotea kamera ikishuka. Mama Kinda aliiona, ikamuudhi, akahamisha macho kwenye kundi la mabeki. Mara mtu akapiga mpira mrefu.

"Umepigwa!" Refa akasema.

Wavu ukatikisika. Uwanja ukalipuka kwa makelele.

"Enhe? Ameotea?"

"Subiri, usinikimbize." Mama Kinda alikuwa amesimama, bakuli limemlalia ubavuni. "Ameotea. Alishampita beki. Kwa bega zima!"

"Una hakika?"

"Nimemwona kwa macho yangu."

Kwenye kioo mshika kibendera alibaki ameshusha mkono. Wakarudia picha, wakachora mstari, wakathibitisha: bao halali.

Refa akamgeukia mkewe, anajizuia kucheka, mabega yanamtikisika.

"Mwamuzi amekataa, Mama Kinda."

"Huyo naye," Mama Kinda akasema, akikaa karibu zaidi na mumewe, "apelekwe Alhamisi akapimwe."